Mapipa ya kuchomea nyama nayo yavalishwe udongo

Mhariri naomba nafasi kidogo, bei ya mkaa kila mtu analia nayo ila hakuna anayeliangalia lile pipa lenyewe. Pita baa za hapa Dar jioni utalikuta, pipa la mafuta la lita 200 limepasuliwa katikati, limewekewa miguu ya nondo na wavu juu, basi. Bati tupu. Moto ukikolea ubavu wa pipa unakuwa kama pasi, mchomaji anasimama kwa mbali, na joto lote hilo linalomuunguza yeye lilitakiwa liwe kwenye nyama, upepo ukivuma kama kule ufukwe wa Coco ndo kabisa, anamwaga mkaa tena na tena na mbuzi bado hajaiva.

Sasa kinachonishangaza, majiko ya nyumbani yalishavalishwa udongo zamani, lile jiko la Kenya la kiuno chembamba limeanza miaka ya 80 mwanzoni na siri yake ni udongo wa ndani tu. Mbona akili hiyo haijafika kwenye pipa?

Fundi achukue udongo wa mfinyanzi achanganye na mchanga na pumba kidogo, akandike ndani unene wa vidole vitatu, auache ukauke taratibu kivulini halafu aanze na moto mdogo mdogo. Nyufa zitatokea, zinazibwa. Pumba zikiungua zinaacha vitundu, na hewa iliyotulia mle ndani ndo inazuia joto lisipite. Miguu tu iwe imara maana udongo mzito. Asiyeutaka aweke pipa dogo ndani ya kubwa, katikati ajaze majivu makavu, ila matundu ya hewa ya chini yasizibwe jamani. Simenti tupu hapana, maji yaliyobaki ndani yakichemka inapasuka vipande vinaruka. Na mtu asithubutu kuvunja mabati ya zamani ya asbestosi eti yanazuia joto, vumbi lake linaleta kansa!

Najua serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia, sawa, lakini nyama choma ya gesi mi simo, na nadhani siko peke yangu. Vyuo vya ufundi vya VETA na shirika la viwanda vidogo SIDO wafundishe vijana kukandika haya mapipa, na wenye baa mkiagiza pipa jipya hela ya udongo iwemo humohumo.

Mla choma, Kinondoni