Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Joto la Mgonjwa Aliye Kwenye Nusukaputi

Ndugu wanachama, watoa huduma ya usingizi,

Kamati yenu ilipokaa kikao chake cha kwanza baada ya mkutano mkuu uliopita, mezani palikuwa na orodha ndefu ya mambo ya kufanya. Tulikubaliana tushike moja tu, upimaji wa joto la mgonjwa aliye kwenye nusukaputi, yaani usingizi wa dawa za upasuaji, na mengine yasubiri. Wapo walionung'unika kwamba tumeacha posho za zamu za usiku tukaenda kuhangaika na kipimajoto. Manung'uniko hayo nimeyasikia, na nitayajibu huko mbele.

Kilichotusukuma ni fomu zetu wenyewe. Katibu aliomba wanachama walete fomu za usingizi zilizofutwa majina ya wagonjwa, tukaketi kuzipitia. Presha imejazwa kila baada ya dakika tano, mapigo ya moyo yapo, oksijeni ipo. Ukifika kwenye mstari wa joto unakuta patupu. Kuna na zile zilizonikera zaidi, ambazo 36.5 imeandikwa mwanzo mpaka mwisho wa upasuaji mrefu wa tumbo. Binadamu aliyefunguliwa tumbo chini ya dawa hatulii kwenye 36.5 kwa saa tatu. Huo ni mwandiko wa mtu aliyekuwa anajaza nafasi.

Baadaye tukatembelea baadhi ya vituo. Kwenye kioo cha monita, mahali pa joto, karibu kila tulikokwenda palikuwa na vistari tu. Kituo kimoja tulimuuliza msimamizi wa thieta, chumba cha upasuaji, waya wa joto uko wapi. Akafungua kabati, akashusha boksi la mashine, na ndani yake waya ulikuwa bado umo kwenye nailoni yake, umekunjwa vilevile ulivyotoka kiwandani. Mashine yenyewe ilikwishachakaa, hadi maandishi ya kitufe cha alamu yamefutika kwa kubonyezwa. Hakuna aliyeuficha waya ule. Fundi aliyefunga mashine aliunganisha wa presha, wa oksijeni na wa moyo, akaaga.

Kwa wanachama wapya, nieleze kwa nini jambo hili si la mapambo. Joto la ndani ya mwili ni kama nyuzi 37. Mtu akiwa macho, ubongo haukubali lishuke hata nusu nyuzi bila kufunga mishipa ya ngozi na kuanza kumtetemesha. Dawa za nusukaputi zinalegeza ulinzi huo. Mishipa ya mikono na miguu inafunguka, damu yenye joto ya kifuani na tumboni inasambaa pembeni, na ndani ya saa ya kwanza joto la ndani linashuka kwa nyuzi 1 hadi 1.5. Katika saa hiyo sehemu kubwa ya joto haijatoka nje, imehamia miguuni. Ndiyo maana blanketi linaloletwa mgonjwa akishapoa limechelewa. La maana ni lile aliloletewa akiwa bado anasubiri, kabla hajachomwa dawa. Wenzetu wanaotumia ketamini kuanzisha usingizi wana nafuu kidogo hapa, kwa sababu ketamini haifungui mishipa kama propofoli, dawa nyingine ya kuanzishia usingizi.

Hoja niliyoisikia mara nyingi ni kwamba haya ni mambo ya Ulaya, sisi tuna jua. Aliyewahi kufanya kazi kwenye baridi ya Makete au Njombe mwezi wa Juni hana haja ya kuhubiriwa. Na wenzetu wa Dar es Salaam wakitazama vizuri wataona kwamba kiyoyozi cha thieta kimewashwa kwa ajili ya daktari mpasuaji, aliyevaa gauni juu ya aproni ya plastiki na anatokwa jasho. Mgonjwa yuko uchi, amepakwa dawa ya kusafishia ngozi inayomkaukia mwilini, na anaingiziwa dripu iliyokuwa rafuni. Lita moja ya dripu isiyopashwa moto hushusha joto la mtu mzima kwa takriban robo nyuzi. Hesabu mwenyewe lita ngapi zinaingia kwa mama aliyepasukiwa kizazi. Watoto wachanga, na hasa njiti, wako pabaya zaidi, kwa kuwa ngozi yao ni kubwa kulinganisha na uzito wao.

Katika semina yetu mjadala ulipamba moto kuhusu tafiti. Wengi tulifundishwa ule wa akina Kurz na Sessler wa mwaka 1996, uliofuatilia wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana. Walioachwa wapoe walipata maambukizi ya kidonda kwa asilimia 19, waliotunziwa joto asilimia 6. Mwanachama mmoja kijana akasimama akatukumbusha utafiti wa mwaka 2022, wagonjwa zaidi ya 5,000, wengi wao China, uliolinganisha waliopashwa hadi nyuzi 37 na walioachwa kwenye 35.5, na tofauti ya maana haikuonekana, si kwenye moyo wala kwenye maambukizi. Akauliza, basi tunahangaika na nini?

Nilifurahi sana kwa swali lile, na jibu langu ni hili. Utafiti ule umetuondolea wasiwasi wa kukimbizana na sehemu ndogondogo za nyuzi, na umetuokolea fedha za mashine ghali. Lakini wagonjwa wote wale walikuwa wanapimwa. Aliyeachwa kwenye 35.5 aliachwa hapo kwa kujua, na akishuka zaidi anapashwa. Sisi mgonjwa wetu yuko kwenye vistari vya monita. Anaweza kuwa 35.5, anaweza kuwa 33, na mwenye fomu hajui. Utafiti huo haumtetei mtu asiyepima.

Kupima pia kuna upande wa pili, joto kupanda ghafla, ambao wengi tunausahau kwa kuwa ni nadra. Mwaka 1960, Denborough na Lovell wa Melbourne, Australia, waliandika habari za kijana aliyevunjika mguu ambaye hofu yake kubwa ilikuwa usingizi kuliko mguu, kwa sababu ndugu zake kumi walikufa baada ya kupewa etha, dawa ya usingizi ya zamani. Alipewa halotheni, mwili ukalipuka joto, dawa ikakatishwa, akafunikwa barafu, akapona. Mlipuko ule unaweza kuchochewa na gesi za usingizi kama halotheni na isoflureni, na pia suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Dalili za mwanzo mara nyingi ni kabonidioksaidi kupanda, moyo kwenda mbio na misuli kukakamaa. Joto linaweza kufuata nyuma. Ila mwenye thieta isiyo na kipimo cha kabonidioksaidi anabakiwa na nini zaidi ya kipimajoto? Dawa ya mlipuko huo, dantrolini, ilionyeshwa kufaa kwa nguruwe na Harrison wa Cape Town mwaka 1975, kwa hiyo bara letu lina mchango hapo. Dozi ya kuanzia ni miligramu 2.5 kwa kilo. Kwa chupa za kawaida za miligramu 20, mtu wa kilo 70 anahitaji chupa tisa, kila moja ikichanganywa na mililita 60 za maji. Si kila kituo kinaweza kuwa nazo. Kamati imeandikia mamlaka husika kuomba ziwekwe angalau kwenye hospitali za kanda, na majibu bado.

Sasa onyo. Baada ya semina baadhi yenu mlirudi kazini na ari kubwa, na tumeanza kusikia habari za chupa za dripu zilizochovywa kwenye ndoo ya maji ya moto kisha zikawekwa kwapani mwa mgonjwa. Acheni. Mgonjwa aliyelala hawezi kusema anaungua, na ngozi iliyobanwa na yenye damu kidogo inaungua haraka. Vivyo hivyo mashine ya kupuliza hewa ya moto: bomba lake halisukumizwi tupu chini ya shuka eti kwa sababu blanketi lake limechanika. Kitenge kikavu, soksi, kofia ya mtoto, na kiyoyozi kilichopunguzwa mpaka mgonjwa afunikwe, hivyo havimuunguzi mtu.

Kuhusu mahali pa kupimia, umio sehemu ya chini au nyuma ya pua ndiko kunakoaminika kwa aliyewekewa tyubu ya kupumulia. Kwapani panafaa kama kipimajoto kimekaa juu ya mshipa na mkono umebanwa ubavuni. Paji la uso lisitegemewe.

Hesabu za chama zimekaguliwa na mhazini atazisoma mwenyewe. Ada zinachelewa kama kawaida, walioguswa wanajijua. Suala la posho halijatupwa. Lilipelekwa kwa waajiri kwa maandishi, na katibu ana nakala za barua kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Nilichokataa ni kulifanya sababu ya kutofanya lile ambalo halihitaji kibali cha mtu.

Kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura leo: kwamba kila mgonjwa wa nusukaputi inayotarajiwa kuzidi nusu saa apimwe joto kabla ya kuchomwa dawa, kila baada ya dakika 30 akiwa mezani, na anapofika chumba cha kuamkia, na kwamba pale ambapo kipimo hakipo, fomu iandikwe "halikupimwa" badala ya namba. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyopingwa zaidi ndani ya kamati, kwa hofu kwamba wakubwa wa hospitali wataona aibu. Mimi naiunga mkono kwa sababu hiyohiyo.