Kwa nini hatupokei tena tapeti kava "iliyoshasafishwa"

Wiki iliyopita nimeitwa tapeli tena. Jamaa wa Toyota Mark II kaja na tapeti kava zake za injini ya 1JZ, vile vifuniko vya juu ya injini, anataka tumpakie rangi ya unga, nyekundu ya mikunjo, nikamwambia 90,000 kila moja, akacheka, akanionyesha kopo la spreya kwenye simu, 12,000. "Bosi, unaniuzia rangi au unaniuzia injini?" Nilikuwa na kazi kwenye oveni sikumjibu vizuri, najibu hapa.

Rangi ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote humo. Ni unga mkavu, hauchanganywi na thina, bunduki inautia chaji ya umeme na kifaa kimefungwa waya wa ethi, unga unanasa wenyewe, kisha oveni digrii 200 kama dakika 20, na hizo dakika tunahesabu chuma chenyewe kikishashika joto, sio oveni ikishafika. Umeme ukikatika katikati unaanza upya, na LUKU haikurudishii kitu.

Kazi iko kwenye kusafisha. Tapeti kava ya alumini iliyokaa kwenye gari miaka 20 imeshakunywa oili, ukiifuta kwa petroli ikang'aa wewe unaona imetakata, ila ukiiweka kwenye moto inatoa jasho na lile jasho linapasua rangi, unakuta vitundu na mapovu kama uji. Ndo maana sisi tunaioka kwanza tupu, moto mkali kuliko ule wa rangi, tunafuta, tunaioka tena, zingine hadi mara tatu. Hiyo yote hakuna hata punje ya rangi imetumika, na hiyo ndo unayoilipia.

Sasa wateja wanataka kukwepa hapo. Mmoja aliloweka kava kwenye kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, kaambiwa inatoa rangi chap. Inatoa kweli, inatoa na alumini! Kava ilikuja nyeusi, imeliwa hadi panapokaa gasketi, nikamrudishia, akaenda kutafuta nyingine ya mtumba. Hapo ameshalipa kava mbili na bado hajapaka.

Ila iliyoniuma mimi ni ya gari moja, Toyota Chaser, na hii na sisi tuna kosa letu. Mteja kapeleka kava kupigwa mchanga kwa upepo ili kutoa uchafu, kwenye karakana ya mageti, 10,000, akatuletea nyeupee safi, anataka punguzo kwa kuwa "kazi nusu nimeshafanya". Tukampunguzia, tukaosha, tukapuliza upepo, tukapaka. Kumbe ndani ya kava kuna kile kibati kinachozuia oili isiruke, mchanga ulijificha nyuma yake na sisi hatukukifungua. Gari ikawaka vizuri, oili ya moto ikaanza kuulegeza ule mchanga kidogo kidogo, wiki mbili injini imenoki, kufungua metali zote, zile beringi za krenki, zimechanwa. Nani kalaumiwa? Sisi. Na siwezi kusema alituonea kabisa, maana tuliamini kazi ya mtu mwingine bila kukagua.

Toka siku hiyo kava iliyopigwa mchanga nje hatupokei hata ukiongeza hela. Hapa kibati kinafunguliwa, na pale kisipofunguka hatupigi mchanga kabisa, tunatumia dawa isiyokula alumini na brashi, siku nzima mtu kainama. Matundu ya bolti na panapokaa gasketi tunaziba kwa tepu ya moto na vizibo vya silikoni, ukiona sehemu haijapakwa usidhani tumesahau.

Spreya sio mbaya, sibishi, ukiandaa vizuri inakaa kwenye intek, bomba la kuingizia hewa. Ila siku oili ya breki ikiidondokea ikabanduka ndo utajua ulinunua nini. Na mnaoniletea egzosi manifoldi, lile bomba la moshi linaloshikana na injini, mniache jamani, rangi ya unga ya kawaida pale inaungua, hiyo ni kazi ya rangi ya seramiki inayohimili moto na sisi hatufanyi.

Ukija lete kava chafu kama ilivyo, na oili yake. Raba na sili toa mwenyewe maana kwenye oveni zinaharibika, na ununue mpya kabisa, usinirudie unavujisha oili kwenye plagi useme ni rangi. Siku tatu, sio moja. Jamaa wa Mark II kava zako bado ziko hapa juu ya kabati, uliziacha ukiwa na hasira.