Mayai ya kanga aliyeugua mafua sugu yasiuzwe ya kutotolesha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafugaji wenzangu wa kanga na kware wa huku Newala na Tandahimba, hasa wanaouza mayai ya kutotolesha.

Mwishoni mwa Mei mwaka jana kanga wangu walianza kupiga chafya. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, na banda langu liko pembeni mwa shamba, basi nikadhani ni vumbi la salfa. Jirani akasema ni baridi ya kusi. Wiki ikapita hivyo. Siku ya nane nikamkamata jike mmoja nikamtazama vizuri. Kwenye pembe ya jicho palikuwa na povu, na chini ya jicho pamevimba kama kaficha punje ya hindi shavuni. Manyoya ya bawa yamegandana, maana ndipo alipokuwa akijifutia. Usiku nilizima redio nikasimama mlangoni mwa banda. Walikuwa wakikoroma kama watu wenye pumu.

Dukani niliuziwa dawa ya jamii ya penisilini. Siku tano, hakuna nafuu. Bwana mifugo alipofika akaniambia haya ni mafua sugu, yanaletwa na bakteria aitwaye maikoplasma. Penisilini hufanya kazi kwa kuharibu ukuta wa bakteria, na huyu hana ukuta, kwa hiyo hela yangu nilikuwa nimeitupa. Nikamuuliza, mbona nawachanja kila miezi mitatu, tone moja jichoni? Akasema ile ni chanjo ya mdondo, na mdondo ni kirusi, haihusiani na huyu. Akaniandikia tailosini ya kwenye maji. Chafya zikatulia, ila kati ya kanga 34 nilikuwa nimeshazika 9.

Lililoniuma zaidi ni alilosema wakati anaondoka: ndege akipona mafua haya anabaki na bakteria mwilini, na jike humpitishia kifaranga ndani ya yai. Nikakumbuka mayai niliyoanzia. Nikampigia simu dada aliyeniuzia. Hakunificha. Majike wake waliwahi kuvimba macho, akasema, lakini walipona na wakataga vizuri, na mimi sikumuuliza.

Na mimi siku hiyo nilikuwa na mayai 22 kwenye trei, mteja wa Masasi keshatanguliza hela. Mazima, masafi, huwezi kuona chochote. Nilimrudishia hela yake. Yaliyotagwa wakati ndege wako kwenye dawa niliyafukia, kwa sababu hata kuliwa hayafai; mayai ya kula ni yale yanayotagwa baada ya siku za dawa kwisha, yaani siku za kunywa dawa pamoja na zile za kungoja itoke mwilini.

Wauzaji wenzangu, jike aliyewahi kuugua mafua sugu msiuze yai lake kwa mtu mwenye mashine ya kutotolesha. Akishamaliza siku za dawa, mayai yake ni ya kula. Wanunuzi, ulizeni kabla ya kutoa hela: wamewahi kuvimba macho? Na ndege mgeni akae peke yake wiki tatu, mbali na wenyeji, na vyombo vyake vya maji visichanganywe, kwani dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 21.

Wale 25 niliwauza wote kwa nyama, siku za dawa zilipokwisha. Banda nimelifagia, maranda nimeyachoma, kuta nimepiga chokaa. Natafuta mayai ya kuanzia upya, na atakayeniuzia nitaomba kwanza nilione banda lake usiku, redio ikiwa imezimwa.

Mfugaji wa kanga,
Newala, Mtwara