Barua ya wazi kwa kiongozi wetu: kifusi kiondoke kabla ya masika

Mheshimiwa,

Asalaam aleikum. Nimeshaleta barua mbili ofisini kwako kwa mkono wangu. Zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na hakuna iliyojibiwa. Hii ni ya tatu, na naiandika hadharani kwa sababu ya yaliyotokea Jumatatu.

Jumatatu alfajiri nilitoka na ndoo zangu mbili kwenda kumwagilia, nikakuta kiwanja chetu cha nyuma ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo hakitambuliki. Waliozibua mtaro wa barabarani wamemwaga tope lote juu ya mashimo yetu ya kupandia miti, pamoja na mawe, chupa za plastiki, vipande vya saruji na nepi za watoto. Nusu ya kitalu imefukiwa. Miche ya mikungu na miarobaini niliyoilea tangu vuli imelala humo, viriba vimepasuka. Nilikaa chini mchangani, mtu mzima wa miaka 61, nikalia wajukuu wakinitazama.

Huenda aliyetoa amri hajui tulikuwa tunafanya nini pale, basi nieleze. Hapa Bagamoyo bustani haingojwi mpaka mvua inyeshe. Inaanza sasa, mwezi Februari, kaskazi bado inavuma na ardhi imekauka. Ndipo tunapochimba mashimo, futi 2 kwenda chini na futi 2 upana. Udongo wa juu tunautenga, tunauchanganya na samadi, tunaurudishia na kuiacha samadi iive, maana ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Juu yake tunatandaza makumbi ya nazi, kwa kuwa udongo wetu ni mchanga mtupu, ukimwaga maji yanazama papo hapo. Masika ikiingia mwezi Machi, shimo liko tayari. Mche unashuka na mvua za kwanza, unapata mpaka Mei kushika mizizi. Ukichelewa, ukapanda mvua zikikaribia kukatika, utabeba ndoo mwaka mzima na mche utakufa vilevile.

Mashimo yetu yalikuwa 40. Tuliyachimba kina mama tisa na vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakija jioni.

Samadi tulinunua. Maji tunanunua dumu kwa dumu, kwa sababu kisima cha karibu kina chumvi na miche michanga haiyawezi maji yake. Mimi nauza vitumbua. Kuna siku faida yote imeishia kwenye madumu ya kumwagilia miti ambayo kivuli chake ni cha mtaa mzima. Mguu wangu wa kulia umevimba tangu Januari, na nimebeba hivyo hivyo. Sikulalamika, kwa sababu ulituahidi.

Ulituahidi, Mheshimiwa. Masika iliyopita ulikuja pale pale, ukapanda mwembe, ukapigwa picha. Ukasema mbele yetu sote kwamba bomba la maji litafika kabla ya Idi Kubwa, na kwamba kiwanja kitazungushiwa senyenge mbuzi wasiingie. Mimi nilikupigia vigelegele. Idi Kubwa ikaja, ikapita. Mwembe wako uliliwa na mbuzi wiki ya tatu, tukapanda mwingine mahali pake ili siku ukirudi uukute. Huo nao sasa uko chini ya kifusi.

Wapo wanaosema kuna mtu anakitaka kiwanja ajenge vibanda, ndiyo maana tope likaletwa pale makusudi. Wengine wanasema dereva aliona pako wazi akadhani ni jalala. Mimi naelekea kuamini hili la pili, na kama ni hivyo, ile senyenge uliyotuahidi ingetosha kutuokoa.

Wageni wakija kututembelea tunawapeleka Misheni ya Wakatoliki kuona mbuyu uliopandwa mwaka 1868, halafu tunawapeleka Kaole, kwenye magofu, wakaone mbuyu mwingine wa kale. Wanapiga picha, wanastaajabu. Lakini mitaani tunakoishi sisi, watoto wakitoka shule saa saba mchana wanatembea wakijibanza ukutani kutafuta kivuli cha shubiri moja. Ule wa Misheni nao ulikuwa mche, na kuna mtu aliuzuilia mbuzi.

Nilikuwa nimeandika orodha ndefu ya maombi: bomba, senyenge, taa, viti vya kukalia wazee. Nimeifuta. Nakuomba jambo moja tu, kifusi kiondoke. Mashimo tutayachimba upya wenyewe, hilo tuachie sisi. Miche iliyopona ni 17, nimeihamishia uani kwangu chini ya makuti. Inangoja ardhi.

Kifusi kiondoke kabla ya masika, Mheshimiwa. Mvua ya kwanza ikilipiga lile tope, litateremka kurudi kwenye mtaro ule ule mliouzibua, na sisi mwaka wetu utakuwa umekwenda. Ni kazi ya lori na kijiko kwa siku moja. Hata wakija usiku, wanigongee mlango, nitatoka na tochi niwaonyeshe kitalu kilipo wasije wakakikanyaga.

Ni mimi,
Mama muuza vitumbua, mkazi wa mtaa huo