Yaya, chupa imetoka nyumbani, woga bado umo

Yaya,

Kaka yangu, tangu Pasaka hujagusa pombe, si kasiksi wala kanyanga, na kwenye arusi ya juzi uliikataa bia ya Primus mbele ya wajomba wote. Najua unavyozunguka njia ndefu ukitoka Kadutu ili usipite mbele ya ile nganda ya pombe. Mtu asilidharau jambo hilo. Mwili uliozoea pombe miaka mingi ukinyimwa ghafla hutetemeka na kutoka jasho, wengine huangushwa na kifafa, na wapo wanaokufa. Ndiyo maana mnywaji wa kila siku hashauriwi kuacha peke yake chumbani bila mtu wa afya kumwangalia. Wewe ulizivuka siku zile, Mungu asifiwe.

Lakini watoto wako bado wanazima redio wakisikia kandambili zako mlangoni. Jumapili nilikuwepo. Mkubwa alikuwa anacheka, sombe iko mezani, ukaingia, akainamia sahani mpaka ulipomaliza kula. Hukumgombeza. Hukumwambia neno lolote pia. Mama yao alipotaja minervali, ada ya shule, ukaondoka na kubamiza mlango, vilevile kama zamani.

Kuacha kunywa umeweza. Kupona bado, na hiyo ni kazi nyingine. Alcoholics Anonymous, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe, walioanza Akron, Marekani, mwaka 1935, wana hatua 12. Ya kwanza ni kukiri kwamba pombe imekushinda nguvu. Ukifika ya 8 unaorodhesha watu uliowaumiza, na ya 9 unawaendea kutengeneza ulichoharibu, isipokuwa pale ambapo kwenda kwako kungewaumiza zaidi. Naipenda sana hiyo ya 9, maana inamlazimisha mtu kuwatazama wenzake usoni. Yule mama wa kioski bado anasubiri pesa yake, yaya, na hajakusema kwa mtu.

Kwenye chumba cha maombi wanakuambia sala inatosha, kutumia dawa ni kukosa imani. Mimi nasali pia, tena kwa ajili yako. Ila usingizi unaokatikakatika na hasira inayopanda bila sababu vinaweza kumfuata mtu miezi mingi baada ya glasi ya mwisho, kwa sababu ubongo bado unajirekebisha. Hayo ni ya kumwambia daktari. Ipo hata dawa, naltreksoni, inayopunguza hamu ya pombe, na anayeimeza hajarudi ulevini hata kidogo. Unaogopa wakikuona unaingia SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, watasema umekuwa mwendawazimu. Waache waseme! Ulipokuwa unalala mtaroni walinyamaza?

Sikuombi uwe mchangamfu. Mwambie tu mkubwa, siku ikiwa mbaya: "Leo nina hasira, lakini si kwa sababu yako." Anangoja neno kama hilo, nimeliona machoni mwake.

Jumanne asubuhi sina kazi. Nitakupitia saa mbili twende wote SOSAME. Mama watoto nimeshamwambia, na amekubali kuja.

Mdogo wako