Redio ya betri haikuwashwa kutwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu siku ya msikilizaji wa redio katika miaka ya 1950 imeandikwa kwa mapenzi, na ile picha ya watu waliojaa barazani kungojea taarifa ya habari ni ya kweli kabisa. Ila upande wa ufundi umepinda, na ukiachwa hivyo utaigwa na walimu na wenye makumbusho wanaoandaa maonyesho ya redio za zamani. Mmeandika kwamba redio iliwashwa alfajiri ikazimwa watu wakienda kulala, kwamba ilibidi ingojewe ipate moto kabla ya kusema, na kwamba mwenye redio alipunguza sauti ili betri idumu. Kwa redio ya umeme wa mjini, mawili ya kwanza yanaweza kupita. Kwa redio ya betri, na ndiyo iliyofaa nyumba zisizofikiwa na nyaya za umeme, yote matatu si sahihi.

Kwanza tukumbuke msikilizaji alikuwa akisikiliza nini, na kutoka wapi. Nairobi ilikuwa na matangazo tangu 1928, lakini yalilenga walowezi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, na Sauti ya Unguja mwaka huohuo. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1954. BBC ikafuata tarehe 27 Juni 1957, na aliyesoma habari za kwanza alikuwa Oscar Kambona, wakati huo mwanafunzi wa sheria huko Uingereza. Kwa mtu wa Tabora, Songea au Kigoma vituo vyote hivi vilikuwa mbali, mamia au maelfu ya kilomita. Waingereza wa 1922, BBC ilipoanza, waliweza kutumia redio ya kristali isiyo na betri na kusikiliza kwa vipokezi vya masikioni, kwa sababu mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa mji uleule. Huku kwetu kristali isingefaa kitu. Ilihitajika redio ya valvu, yaani mirija ya kioo iliyofanya kazi ya transista za leo, yenye masafa mafupi (short wave, mawimbi yanayofika mbali), na valvu zinakula umeme.

Redio ya kawaida ya betri baada ya vita ilikuwa na valvu nne: DK91, DF91, DAF91 na DL92, au majina yake ya Kimarekani, 1R5, 1T4, 1S5 na 3S4. Kila valvu ina uzi unaopashwa moto kwa volti 1.4. Tatu za kwanza hutumia mkondo wa miliampia 50 kila moja, ya mwisho 100, jumla 250. Juu ya hapo inahitaji volti 90 za kuendesha sauti, kwa mkondo wa miliampia 10 hivi. Ndiyo maana betri ilikuwa boksi zito: ndani yake mna seli ndogo 60 zilizounganishwa mfululizo kupata volti 90, na pembeni seli kubwa za volti 1.5 zilizounganishwa sambamba kwa ajili ya nyuzi. Baadaye zilikuja DK96, DF96, DAF96 na DL96, ambazo nyuzi zake zinakula nusu tu, miliampia 125 kwa zote nne.

Uzi wa valvu ya betri ni mwembamba mno na wenyewe ndio unaotoa elektroni. Hupata moto mara moja. Redio ya umeme ndiyo yenye valvu ambazo uzi hupasha kwanza mrija mwingine wa chuma, na hapo ndipo unangoja nusu dakika. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu ndiyo iliyompa mwenye redio ya betri uwezo wa kuwasha saa ya habari ikigonga na kuzima habari zikiisha, bila kupoteza hata dakika moja ya betri.

Na alikuwa na sababu ya kubana. Mfano ulioandikwa vizuri ni ule wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Harry Franklin, mkurugenzi wa idara ya habari, aliishawishi kampuni ya Ever Ready kutengeneza redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Ilitoka 1949, ya duara kama sufuria, na kweli ilibatizwa jina la sufuria. Redio iliuzwa pauni 5, betri yake shilingi 25, na betri hiyo ilikadiriwa kudumu saa 300. Pigeni hesabu, shilingi moja ikiwa peni 12: shilingi 25 kwa saa 300 ni peni moja kwa saa, au senti 8 na kidogo kwa hesabu ya shilingi ya Afrika Mashariki. Kuiwasha saa 15 kwa siku ni kumaliza betri katika siku 20. Kwa saa 3 inafika siku 100. Hakuna aliyehitaji kuambiwa achague lipi.

Tena hesabu hiyo inampendelea anayebana kuliko inavyoonekana. Betri kavu ya zinki na kaboni ikifanya kazi mfululizo, gesi ya haidrojeni hujikusanya kwenye kaboni na kuzuia mkondo. Dioksidi ya manganizi iliyomo ndani huimeza gesi hiyo, lakini polepole. Betri inayofanya kazi saa moja na kupumzika saa kadhaa hutoa umeme mwingi zaidi kwa jumla kuliko inayokamuliwa kutwa.

Sasa suala la sauti. Valvu ya mwisho, DL92, hufanya kazi kwa namna ambayo mkondo wake haubadiliki sana, sauti iwe juu au chini. Kupunguza sauti hakukuokoa betri. Kuzima ndiko kulikookoa. Imani ya kupunguza sauti ilikuja na redio za transista. Nyingi ya hizo zina transista mbili za mwisho zinazopokezana, na huvuta mkondo mkubwa pale tu sauti inapokuwa kubwa. Huko imani hiyo ni sahihi. Msiirudishe nyuma miaka kumi.

Jambo ambalo makala haikuligusa, na ni muhimu kuliko yote, ni kwamba siku ya redio ilipangwa na jua. Mchana, mwanga wa jua hutengeneza tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme, na tabaka hilo humeza mawimbi, hasa yaliyo marefu. Kwa hiyo kituo cha mita 90 au mita 60, yaani urefu wa wimbi lake, kinachosikika vizuri alfajiri huanza kufifia jua likipanda, na adhuhuri aliye mbali hasikii kitu isipokuwa mvumo. Mawimbi ya mita 49, 41 na 31 hayamezwi sana kama hayo, ndiyo maana vituo vilivyoweza vilihamia huko mchana. Jua likizama, tabaka hilo hupotea haraka, na kuanzia saa 12 na nusu jioni vituo hurudi kimoja kimoja. Saa 2 usiku vimejaa hadi vinagongana. Kwa hiyo ile baraza ya jioni haikutokana tu na watu kurudi kutoka shamba au kazini. Ni saa ambayo mawimbi yenyewe yalikubali. Usiku nao una kero yake: wimbi moja hufika kwa njia mbili tofauti za angani, mara yanaongezana, mara yanafutana, na sauti hupanda na kushuka. Msimu wa masika, radi za mbali huleta mikwaruzo, tena mikali zaidi katika mita 90 kuliko 31. Hapo kugusa redio hakusaidii.

Antena ndiyo iliyokuwa kazi ya asubuhi, siku za upepo hasa. Waya wa shaba wa mita 15 hadi 20, ukainuliwa mita 6 au zaidi, ncha zote mbili zikashikwa na vikombe vya kauri ili usiguse mti wala mlingoti. Ukifungwa kwenye mnazi bila ulegevu, upepo wa kusi unaukata. Dawa yake ni kuupitisha kwenye kapi na kuning'iniza jiwe ncha ya pili, mti ukiyumba jiwe linapanda na kushuka. Pwani, chumvi hujipaka juu ya kauri na umeme mdogo wa mawimbi ukavuja kupitia humo. Kauri zilioshwa kwa maji matamu. Maungio yasiyolehemiwa huota kutu ya kijani, na dalili yake ni sauti inayokatika kila waya ukitikisika. Waya wa ardhi uliunganishwa na chuma cha mita moja kilichopigwa mahali penye unyevu, mara nyingi karibu na bafu, na kiangazi palimwagiwa maji. Wingu la radi likionekana, antena ilitolewa kwenye redio na kuunganishwa moja kwa moja na ardhi.

Betri ikichoka haikufa ghafla, na hapa ndipo msikilizaji mzoefu alipojulikana. Volti 90 zikipungua, sauti hudhoofika na kukwaruza. Lakini volti 1.5 ikishuka karibu na 1.1, valvu ya kwanza hushindwa kutengeneza wimbi lake la ndani, na hushindwa kwanza katika masafa mafupi. Matokeo yake masafa ya kati yanasikika na masafa mafupi ni kimya kabisa. Wengi walidhani kituo kimefungwa, au valvu imeungua, kumbe ni betri. Kuianika juani kuliirudishia nguvu kidogo kwa sababu joto huharakisha kemia ya ndani. Joto hilohilo hukausha unyevu wake na kuharakisha kuliwa kwa kopo la zinki. Betri iliyoanikwa mara kadhaa huvuja, na maji yake hula plagi na waya.

Kwa wale wenye redio ya namna hii kabatini na wanataka isikike tena kwenye maonyesho, inawezekana bila betri ya zamani. Betri 10 ndogo za volti 9 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 90. Betri moja kubwa ya tochi ya volti 1.5 inatosha kwa nyuzi. Msikosee nyaya: volti 90 zikigusa upande wa nyuzi, valvu zote nne zinaungua kwa mpigo mmoja. Wekeni taa ndogo ya miliampia 60 kwenye waya hasi wa volti 90, iwe fyuzi. Kabla ya yote, badilisheni kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya karatasi inayotoka DAF91 kwenda DL92, kwa kawaida mikrofaradi 0.01, ikivuja, DL92 huvuta mkondo kupita kiasi na kuimaliza betri. Badilisheni pia kapasita kubwa ya elektroliti iliyo kwenye njia ya volti 90. Mkipima nyuzi kwa mita ya zamani yenye mshale, msitumie kipimo cha chini kabisa cha omu, kwani baadhi ya mita hizo hupitisha mkondo wa kutosha kuukata uzi wa miliampia 50. Anzeni na volti 1.5 peke yake. Msingoje kuona valvu zikiwaka, mwanga wake ni hafifu mno hata gizani. Volti 90 zifuate baadaye, na mkono usiguse: zinauma.

Sauti itakayotoka ni robo ya wati tu, na iliwatosha watu wa baraza nzima kwa sababu spika za wakati ule zilikuwa nyepesi kusukumwa na watu walinyamaza. Redio hizi hazina FM. Jaribuni masafa ya kati na mafupi baada ya saa 1 usiku, lakini kwanza chomoeni chaja za simu na kuzima taa za LED chumbani. Mvumo mkali ukitoweka hapo, redio haina kosa.

Wenu,
Fundi redio, Tanga