Mikanda ya Africa Addio iletwe Kilimani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kipande cha video ambacho hurudi kwenye simu zetu kila ifikapo Januari, na zaidi pale uchaguzi unapokaribia. Kimepigwa kutoka angani, na kinaonesha watu wakiongozwa kwa safu, makaburi ya halaiki yaliyo wazi, na maiti waliotapakaa ufukweni Unguja, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Wanaokisambaza huandika juu yake maneno yao wenyewe, mara nyingi ya chuki, na ni wachache wanaotaja kilikotoka.

Kimetoka katika filamu ya Kiitaliano iitwayo Africa Addio, yaani Kwaheri Afrika, iliyotolewa mwaka 1966 na Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Wawili hao walikwisha kupata umaarufu mwaka 1962 kwa Mondo Cane, filamu iliyokusanya mambo ya kutisha na ya ajabu kutoka pande mbalimbali za dunia ili kumshtua mtazamaji aliyelipa kiingilio. Katika Africa Addio walichukua misiba ya Zanzibar, ya Kongo na ya kwingineko, wakaipanga ili iseme jambo moja tu, kwamba Mwafrika alipoachiwa nchi yake aliigeuza machinjio. Agosti 1966 wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliandamana Berlin Magharibi hadi filamu ikaondolewa katika ukumbi wa sinema. Jacopetti alishutumiwa kwao Italia kwamba mauaji ya watu huko Kongo yalicheleweshwa hadi kamera yake iwe tayari, na ingawa sheria haikumtia hatiani, shutuma hiyo haijasahaulika. Huko Marekani wafanyabiashara waliikatakata filamu ile ya zaidi ya saa mbili, wakabakiza zaidi damu, wakaiuza upya mwaka 1970 kwa jina linalotaja damu na matumbo.

Kwa hiyo nawaelewa wanaotaka ifutwe kabisa mtandaoni. Sisi Waislamu tumelelewa kwamba maiti husitiriwa: hata anapooshwa hutandikiwa shuka, na mwoshaji akiona aibu mwilini mwake huondoka nayo kifuani. Hawa wa ufukweni hawakupata sitara hiyo mwaka 1964, na kila mtu anapobonyeza kitufe cha kusambaza wanavuliwa tena.

Hata hivyo siungi mkono kuifuta, kwa sababu dini hiyo hiyo inatukataza kuficha ushahidi. Kwa miaka mingi vifo vya siku zile vilizungumzwa kwa kunong'ona majumbani, hapa na kwa jamaa zetu waliohamia Oman, na picha za sinema zilizobaki ni chache mno. Wapo wanaosema picha hizi ni za uongo, wapo wanaozitaja kama Msahafu, na hakuna upande unaoweza kumthibitishia mwenzake kwa kipande cha dakika mbili kisicho na mahali wala tarehe.

Shangazi yangu alipotelewa na kaka yake wiki ile. Mwaka jana kipande hicho kilifika katika kundi la WhatsApp la familia, naye akaniomba nikisimamishe, nikirudishe nyuma, nikisimamishe tena. Alikuwa akitafuta mwendo wa mtu. Kamera ilikuwa juu mno, hapakuwa na uso hata mmoja unaotambulika, na aliponiuliza, "Mwanangu, hapa ni pwani gani?" sikuwa na la kumjibu.

Ninachoomba ni hiki. Kampuni za mitandao ziviondoe vipande vilivyobandikwa maneno ya uchochezi, na filamu nzima ikibaki itanguliwe na maelezo ya nani aliitengeneza na kwa nia gani. Muhimu zaidi, Serikali yetu iwaombe wanaomiliki filamu hiyo nakala ya mikanda yote iliyopigwa juu ya Unguja, hata ile isiyotumika, pamoja na kumbukumbu za safari ya ndege, iwekwe katika nyumba ya nyaraka pale Kilimani. Huko wanahistoria na wazee waliokuwapo wakae pamoja, watambue fukwe na vijiji, na jamaa wa marehemu waruhusiwe kutazama faraghani kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wazee wanaoweza kuitambua pwani ile kwa minazi yake wanazidi kupungua. Shangazi yangu ana miaka 82, na bado anasubiri jibu langu.

Msomaji wako,
Kikwajuni, Unguja